Gari Kuukuu Linapogonga Mbele: Namna ya Kusaka Chanzo cha Mlio

Mlio wa mbele katika pikapu iliyokula miaka ishirini huanzia mahali pamoja na kusikika pengine. Chasisi, ekseli, springi na kebini vimefungwa pamoja kwa chuma, na chuma hupitisha mtetemo upesi kuliko hewa. Nati iliyolegea upande wa kushoto inaweza kusikika kana kwamba iko chini ya kanyagio la breki. Kwa sababu hiyo sikio peke yake halitoshi, na wamiliki wengi huishia kununua shokapu mbili, bushi nne na jozi ya boljointi, kisha gari likiingia shimo la kwanza mlio uko palepale. Njia ya nafuu ni kupunguza watuhumiwa mmoja baada ya mwingine kabla fedha yoyote haijatoka mfukoni.

Gari limejengwaje mbele

Orodha ya watuhumiwa hutegemea muundo wa gari. Toyota, ambazo ndizo pikapu kuukuu zinazoonekana zaidi katika barabara za Afrika Mashariki, zinatosha kuonyesha miundo yote mikuu. Land Cruiser 75, iliyotengenezwa hadi 1999, ina ekseli nzima iliyokaa juu ya springi pati mbele na nyuma. Ndugu yake iliyofuata, Land Cruiser 79, ilibaki na ekseli nzima lakini springi za mbele zikawa za koili. Kwa kuwa koili haiwezi kuishikilia ekseli, iliongezewa mikono miwili mirefu inayoizuia isiende mbele na nyuma, na fimbo moja ya kukingama inayoizuia isihame kushoto na kulia. Hilux za zamani za magurudumu manne ziko zenye ekseli nzima na springi pati, na ziko ambazo kila gurudumu la mbele hujitegemea kwa mkono wa juu, mkono wa chini na fimbo ya tosheni inayojisokota badala ya springi. Hilux ya kizazi cha saba, iliyoingia sokoni mwaka 2004, ilikuja na koili iliyovishwa juu ya shokapu.

Tofauti hii ina maana kubwa katika uchunguzi. Kwenye Land Cruiser 75 hakuna boljointi za mikono za kulaumu, kwa kuwa gurudumu hugeukia juu ya beringi mbili ndogo zilizo kwenye kichwa cha ekseli. Vilevile, kwenye Hilux ya tosheni hakuna pati za kusuguana mbele.

Kuupa mlio jina

Mlio ukielezwa vizuri huwa umeshapunguza nusu ya kazi. Mlio mkavu wa "ko!" kila tairi linapoingia shimoni huashiria chuma kinachogonga chuma penye nafasi ndogo: boljointi iliyolika, linki ya stabilaiza, au boliti iliyolegea. Kishindo kizito cha "du!" kisicho na ukali huelekea kwenye mpira: bushi za mikono, mipira inayobeba kebini, au mpira wa kuzuia ekseli isigonge chasisi. Kilio kirefu kama cha bawaba ya mlango hutokana na mpira mkavu au pati zinazosuguana, na mara nyingi hunyamaza mvua ikinyesha na kurudi jua likiwaka. Mlio wa "tiki tiki" unaokwenda haraka kadiri gari linavyokwenda haraka ni wa kitu kinachozunguka. Mchakacho mwepesi kama wa sarafu katika kopo mara nyingi hutoka kwenye breki.

Mvumo wa mfululizo huwachanganya wengi kwa sababu beringi ya gurudumu na tairi lililolika vibaya huvuma karibu sawa. Mvumo wa tairi hubadilika barabara inapobadilika, kwa mfano kutoka lami mpya kuingia lami kuukuu. Mvumo wa beringi hauijali barabara, ila hubadilika gari linapoyumbishwa taratibu kushoto na kulia mahali peupe pasipo magari mengine. Gari likikata kulia uzito huhamia magurudumu ya kushoto, na beringi mbovu ya kushoto ndiyo itakayopaza sauti.

Kuandika mazingira ya mlio

Kabla ya gari kwenda gereji, safari moja au mbili za makusudi huleta faida kuliko saa nzima ya kubahatisha chini ya gari. Barabara inayofaa ni ile yenye lami nzuri, matuta, rasta na kipande cha changarawe. Yanayoandikwa ni machache: mwendo, hali ya barabara, kama usukani ulikuwa umenyooka au umekatwa, kama breki ilikuwa imekanyagwa, kama gari lilikuwa na mzigo, na kama injini ilikuwa imepata moto.

Majaribio manne hufanyika humohumo safarini. La kwanza ni kupanda tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, kisha kupita shimo kwa gurudumu moja tu. Stabilaiza hufanya kazi pale gurudumu moja linapopanda na jingine kubaki chini. Yakipanda yote mawili, fimbo yake hujigeuza tu ndani ya bushi bila kujisokota. Mlio unaotokea kwenye shimo la upande mmoja na kukosekana kwenye tuta lililokingama barabara nzima unaielekeza shuku kwenye linki na bushi za stabilaiza.

La pili ni kugusa breki kidogo, bila kulisimamisha gari, wakati mlio unaendelea kwenye changarawe. Mchakacho ukikatika ghafla, pedi au kalipa ndiyo iliyokuwa ikicheza, kwa maana breki iliyogusa diski imebanwa na haiwezi tena kugongagonga. La tatu ni kuondoka na kusimama mara kadhaa katika eneo tambarare. Mlio mmoja wa kugonga wakati wa kuondoka na mwingine wakati wa kusimama ni dalili ya kitu kinachosogea mbele na nyuma: bushi za mikono mirefu ya ekseli, pini za springi pati, au yu-bolti zilizolegea.

La nne ni kwa gari la magurudumu manne lenye habu za kufunga na kufungua kwa mkono. Habu zikifunguliwa na gari likiwa katika mwendo wa magurudumu mawili, shafti za mbele hazizunguki. "Tiki tiki" ya kwenye kona inayosikika habu zikiwa zimefungwa na kunyamaza zikifunguliwa hutoka kwenye jointi za shafti za mbele. Isiponyamaza, jointi hizo hazina hatia. Jaribio la habu zilizofungwa hufanyika kwenye udongo, kwa mwendo mdogo.

Kuwaondoa wasiohusika

Sehemu nzuri ya milio inayopelekwa kwa fundi wa springi haitoki kwenye springi. Jeki na spana zilizolala nyuma ya kiti hugonga sawasawa na boljointi. Betri isiyofungwa, ndoano ya boneti, namba ya gari, bampa la chuma lililoongezwa na mmiliki wa awali, na kinga ya bati juu ya eksozi vyote hulia kwenye matuta. Kokoto iliyonasa kati ya diski na bati lake la kukinga vumbi hukwaruza kwa sauti ya kutisha, na huondolewa kwa dakika chache.

Nati za magurudumu hukaguliwa kabla ya kitu kingine chochote, hasa ikiwa mlio ulianza muda mfupi baada ya pancha kuzibwa. Hili halihusu kelele tu, maana nati zilizolegea hutanua matundu ya rimu, hukata boliti, na mwisho wake gurudumu hutoka. Mipira ya kebini nayo huchunguzwa mapema. Msaidizi akikaa ndani na kujirusha kidogo huku mwingine akitazama nafasi kati ya kebini na chasisi, mpira uliokufa huonekana ukiruhusu chuma kukutana na chuma.

Uchunguzi wa chini, gari likiwa limesimama

Gari halioshwi kabla ya ukaguzi wa kwanza. Tope na vumbi ni mashahidi. Palipo na kiungo kinachocheza, tope hupukutika na chuma hung'aa katikati ya uchafu, au unga mwembamba wenye rangi ya kutu hujikusanya pembeni mwa boliti. Maji ya bomba yakipita, ushahidi huo umekwenda. Baada ya kutazamwa ndipo gari huoshwa ili nyufa zionekane.

Jaribio lenye manufaa zaidi halihitaji jeki. Injini huwashwa ili usukani uwe mwepesi, magurudumu yakiwa chini, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Msaidizi huuchezesha usukani kushoto na kulia kwa robo mzunguko, bila kukoma. Anayekagua huweka vidole viwili juu ya kila kiungo, kimoja upande huu na kimoja upande ule, akianzia boksi ya stelingi na kufuata fimbo hadi gurudumuni. Kiungo kizima hupeleka mwendo bila kuchelewa. Kiungo kilicholika hutangulia upande mmoja, kisha upande wa pili hufuata kwa mshtuko unaohisiwa na vidole hata pale sikio lisiposikia kitu. Kwenye ekseli ya koili, fimbo ya kukingama hukaguliwa wakati huohuo. Bushi zake zikiwa zimekwisha, ekseli huonekana ikihama kidogo kando kabla magurudumu hayajageuka.

Kwa vilio vya mpira, maji yenye sabuni hupuliziwa bushi moja, kisha gari hubonyezwa kwa uzito wa mwili. Kilio kikinyamaza, bushi imejulikana. Kisiponyamaza, inafuata bushi ya pili. Kupulizia bushi zote kwa mara moja huua kelele bila kumtaja mhusika.

Juu ya stendi

Gari huinuliwa kwenye sakafu ngumu, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa kwa kabari, na uzito wake huwekwa juu ya stendi. Kutegemea jeki peke yake ni kucheza na maisha. Matofali ya saruji nayo hayafai, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Gurudumu hushikwa juu na chini na kusukumwa kwa kupokezana, kisha hushikwa kushoto na kulia. Nafasi inayoonekana kushoto na kulia tu mara nyingi iko kwenye tairodi. Nafasi ya juu na chini inaweza kuwa ya beringi ya gurudumu, ya boljointi, au ya beringi za kichwa cha ekseli, na hapa wengi hukosea. Msaidizi akikanyaga breki kwa nguvu, diski hushikamana na kalipa, na beringi ya gurudumu haiwezi tena kuonyesha mchezo wake. Nafasi ikipotea, beringi ndiyo iliyokuwa ikicheza. Ikibaki, shuku inahamia kwenye boljointi au kichwa cha ekseli.

Beringi ikithibitika haina maana kwamba lazima inunuliwe mpya. Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani zina beringi za koni zinazokazwa kwa nati mbili zenye bati la kufungia kati yake, na nati hizo hufunguliwa kwa soketi ya milimita 54. Beringi isiyo na michubuko wala rangi ya kuungua husafishwa, hupakwa grisi mpya, hupangwa upya na kuendelea na kazi kwa muda mrefu. Kuzikaza kwa patasi na nyundo huharibu nati na kuacha beringi imebana mno au imelegea mno.

Boljointi inayobeba uzito haiwezi kupimwa ikiwa bado imebanwa na springi. Springi au tosheni ikiusukuma mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono huo, karibu na gurudumu, mpaka tairi liachane na ardhi. Ikiusukuma mkono wa juu, gari huinuliwa kwa chasisi na kipande cha ubao huwekwa kati ya mkono wa juu na chasisi ili mkono usishuke. Mtaimbo hupitishwa chini ya tairi na kuinuliwa taratibu, na macho hutazama boljointi yenyewe, si tairi. Mpira wake wa kukinga vumbi ukiwa umepasuka, maji na mchanga vimeshaingia, na hata kama mchezo bado ni mdogo siku zake zinahesabika.

Bushi za mikono hupimwa kwa kuingiza ncha ya mtaimbo kati ya mkono na chasisi na kusukuma kwa kiasi. Mipasuko midogo ya juu juu ni uzee tu. Kinachohukumu bushi ni mpira ulioachana na chuma chake, au boliti iliyokaa nje ya katikati ya tundu.

Shokapu iliyovuja oili na kukusanya vumbi hujieleza yenyewe. Isiyovuja inaweza pia kugonga, hasa kwenye mipira yake ya juu na ya chini. Mlio ulioanza siku ileile shokapu mpya zilipofungwa mara nyingi umetokana na washa zilizogeuzwa au nati isiyokazwa vya kutosha. Kudai shokapu nyingine kabla ya kukagua ufungaji ni hasara.

Springi pati na tosheni

Springi pati ina milio yake ya pekee. Pati zilizopoteza vipande vya kuzitenganisha hulia kwa kusuguana. Wengi huzimwagia oili chafu ya injini, na kweli hunyamaza kwa wiki moja au mbili, lakini oili hukamata mchanga unaozisaga pati na pia hulainisha na kuozesha bushi za mpira. Dawa ya kudumu ni kuzifungua, kuzisugua kutu, kupaka grisi nzito na kurudisha vitenganishi. Pini zenye nipo hupigwa grisi kwa ratiba mpaka ile kuukuu itoke pembeni. Bushi za mpira hazipigwi grisi ya kawaida, bali zikihitaji ulaini hutumiwa ile ya silikoni.

Yu-bolti zilizolegea huleta mlio wa kugonga wakati wa kufunga breki na pia huweza kuvunja sentaboliti, ambayo huishikilia ekseli mahali pake. Kwa kuwa boliti hiyo imejificha kati ya pati, hupimwa kwa futi kamba: kutoka katikati ya gurudumu hadi alama moja ya chasisi, upande wa kulia na wa kushoto. Vipimo vikitofautiana waziwazi na gari likivuta upande mmoja, ekseli imehama.

Kwenye gari la tosheni, mlio unaotokea wakati gurudumu linaposhuka, si linapopanda, una maelezo mengine. Tosheni zilizokazwa kupita kiasi ili kuinua pua ya gari huacha mkono ukiwa karibu kabisa na mwisho wa mwendo wake wa kushuka. Kila gurudumu likitumbukia, mkono hugonga kizuizi. Hapo hakuna kipuri kilichoharibika, na kurudisha kimo cha kiwandani humaliza kelele pamoja na kupunguza pembe kali ya jointi za shafti.

Mlio unapojificha

Baada ya hayo yote bado upo mlio usiopatikana. Kwanza, boliti zote za mbele huchorwa mstari mmoja wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kinachokaliwa. Baada ya siku chache za safari, mstari uliokatika unaonyesha nati iliyojizungusha. Pili, ubao wa unene wa inchi mbili hulazwa chini na gari hupitishwa juu yake kwa gurudumu moja, kwa mwendo wa mtu anayetembea, huku msaidizi akisikiliza kutoka kando, mbali na njia ya magurudumu. Tatu, kiungo kinachoshukiwa hutolewa kazini kwa muda: linki za stabilaiza hufunguliwa pande zote mbili, ncha zake hufungwa zisiguse kitu, na gari huendeshwa polepole kwa umbali mfupi, kwa kuwa litalala zaidi kwenye kona. Ukimya ukipatikana, kesi imekwisha.

Kanuni ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja hulinda mfuko. Vitatu vikibadilishwa pamoja na mlio ukaisha, mmiliki hajui kipi kilikuwa kibovu. Usipoisha, amelipia vitatu bure.

Kufunga na kuhakikisha

Bushi nyingi za mikono zimeunganishwa na chuma ndani na nje, na hufanya kazi kwa mpira kujisokota. Zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira hubaki umesokotwa gari likishuka chini, nao huchanika mapema. Kwa hiyo boliti hushikizwa tu juu ya stendi. Gari hushushwa na kutikiswa mara kadhaa, ndipo hukazwa kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari. Boljointi, tairodi au bushi za mikono zikiguswa, alaimenti hupimwa upya. Yu-bolti hukazwa tena baada ya kilomita mia chache, kwa sababu pati mpya hukaa na kuacha nafasi.

Kilio cha mpira, bushi za stabilaiza na mipira ya kebini vinaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Boljointi inayocheza, tairodi iliyolegea, beringi yenye nafasi kubwa, sentaboliti iliyokatika na nati za magurudumu zilizolegea havisubiri hata safari moja, maana kila kimoja kinaweza kuliondoa gurudumu katika mikono ya dereva.

Jaribio la mwisho hufanyika katika barabara ileile, kwa mwendo uleule na mzigo uleule ulioandikwa mwanzo. Gari tupu lililonyamaza kwenye lami ya mbele ya gereji halijathibitisha kitu, ikiwa mlio ulikuwa wa kwenye changarawe na mzigo nyuma.